Kompyuta inachemka kila alasiri: ninunue kipoza cha maji au niongeze feni?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nahariri video za harusi hapa Mombasa. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060. Kasha lake lina kioo mbele na ubavuni, feni tatu za taa mbele na moja nyuma. Nikianza kurenda (kuitoa video iliyohaririwa kuwa faili kamili), prosesa inapanda mpaka nyuzi 89 au 90, kadi inafika 86, na feni zinavuma mpaka mama watoto analalamika akiwa chumba cha pili. Asubuhi kazi inakwenda vizuri, lakini alasiri video ya urefu uleule inachelewa sana, na mara mbili skrini imekuwa nyeusi kabisa ikabidi niwashe upya. Kasha naliweka ndani ya kabati la meza, chini. Jamaa mmoja dukani ameniambia ninunue kipoza cha maji, mwingine anasema niongeze feni mbili juu. Nifuate lipi?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwa sasa usifuate hata moja, na pesa yako iache mfukoni mpaka umalize vipimo nitakavyokueleza.

Nianze na kipoza cha maji, maana ndicho kitakachokugharimu zaidi. Kazi yake ni kuchukua joto la prosesa na kulipeleka kwenye rejeta yake, ile sehemu yenye mapezi inayopozwa na feni. Lakini angalia joto la kasha lako linatoka wapi. Prosesa yako, watengenezaji wake AMD wameipangia wati 65, ingawa ikibanwa na kazi huvuka hapo kidogo. Kadi yako imepangiwa wati 170. Sehemu kubwa ya joto lako ni ya kadi, na kipoza cha maji cha prosesa hakiigusi kadi hata kidogo. Tena ukiifunga rejeta mbele, nyuma ya kile kioo, hewa yote inayoingia itapita kwenye rejeta kwanza na kuifikia kadi ikiwa imeshapata moto. Utakuwa umemtibu mgonjwa mwenye nafuu na kumzidishia homa mwenye hali mbaya.

Sasa zile namba ulizonitajia. Prosesa yako ina ukomo wa nyuzi 90 uliowekwa na watengenezaji wenyewe. Ikifika hapo haiungui, bali inajipunguzia kasi ili isivuke. Kadi ukomo wake ni nyuzi 93, ila huanza kupunguza kasi mapema, kwenye themanini na kitu. Kwa hiyo kule kuchelewa kwa alasiri si virusi wala si programu ya kuhariri iliyoharibika. Mashine inajizuia yenyewe kwa sababu ya joto, na inafanya hivyo kwa usahihi kabisa.

Inachagua alasiri kwa sababu ya hewa ya chumbani. Feni zikiwa kwenye mwendo uleule, kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa na kwenye kadi. Msimu wa kaskazi, chumba cha Mombasa kisicho na AC hufika nyuzi 32 au 33 bila taabu. Ndiyo maana nawasihi watu wasilinganishe namba zao na zile za wapimaji wa Ulaya na Marekani. Wengi wao hupimia kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Kadi iliyopimwa huko ikatoa nyuzi 74, ndani ya kasha hilohilo hapa kwako itatoa 84 au zaidi, na hakuna kilichoharibika. Namba ya kushika ni ile inayobaki ukichukua joto la kadi ukatoa joto la chumba. Hiyo ndiyo inayokuambia kama kasha lako linapumua.

Tufanye na hesabu moja, maana bila hiyo mtu hununua feni kwa kubahatisha. Prosesa, kadi, mazabodi (bao kuu linalounganisha vipande vyote) na diski zikifanya kazi pamoja, tuseme zinatoa wati 300. Ili hewa ibebe wati 300 na yenyewe ipande nyuzi 10 tu, inabidi mita za ujazo moja na nusu ziingie na kutoka kila dakika. Kasha la ukubwa wa kati huwa na ujazo wa lita 45 hivi. Maana yake hewa yote iliyomo lazima ibadilishwe zaidi ya mara 30 kwa dakika, kama kila sekunde mbili. Ikipita nusu tu ya hewa hiyo, itapanda nyuzi 20 badala ya 10. Chumba kikiwa 32, ndani ya kasha mna 52. Hapo hata ufunge kipoza cha prosesa cha bei kubwa kuliko vyote, kitakuwa kinapulizia prosesa hewa ya nyuzi 52, na hakiwezi kushusha joto chini ya hewa kinayoivuta.

Na feni moja hupitisha kiasi gani? Chukua Arctic P12, feni ya milimita 120 ambayo si ya gharama. Watengenezaji wameiandikia futi za ujazo 56 kwa dakika, ambazo ni karibu mita za ujazo 1.6. Kwa karatasi, feni moja ya namna hiyo ingetosha mashine yako. Ila namba hiyo hupimwa feni ikiwa haina kizuizi mbele wala nyuma. Weka kioo sentimita moja mbele yake, weka chujio lililojaa vumbi, na nyuma yake bunda la nyaya, kiasi kinachopita kinabaki kidogo sana. Wewe una feni tatu mbele. Kwa hiyo sidhani kwamba unakosa feni. Ninachoona kwenye maelezo yako ni kwamba feni ulizonazo hazina mahali pa kuvutia hewa, na ukiongeza mbili juu zitakuwa zinagombania hewa hiyohiyo kidogo.

Lakini hayo ni maoni yangu tu mpaka upime. Weka programu ya HWiNFO, ni ya bure, ifungue upande wa vipimo na uangalie joto la prosesa, joto la kadi, na kasi ya kila moja. Tafuta pia kipimajoto cha chumba, hata kile cha kawaida cha ukutani, ukiweke karibu na mbele ya kasha. Kisha chagua kipande kimoja cha video chenye kazi nzito na ukirende kwa dakika 20 hadi 30, mpaka namba zitulie na kuacha kupanda. Ziandike. Rudia kazi ileile mara tatu, saa zilezile za alasiri:

Mara ya kwanza kila kitu kiwe kama kilivyo leo. Mara ya pili lichomoe kasha kabatini, uliweke wazi mezani au sakafuni, nafasi ya shubiri moja au zaidi nyuma yake. Mara ya tatu, likiwa hapohapo, ondoa kioo cha mbele peke yake. Makasha mengi kioo hicho kimeshikwa na vibanio vya plastiki na hutoka kwa kuvutwa kutoka chini, lakini angalia kama kuna waya wa taa au wa swichi kabla hujavuta kwa nguvu. Ukiwa na muda, ongeza kipimo cha nne: rudisha kioo cha mbele, ondoa cha ubavuni.

Namba zitakueleza. Zikishuka sana ulipolitoa kabatini, basi kabati ndilo lililokuwa linakuumiza. Hewa ya moto inatoka nyuma, haina pa kwenda, inazunguka na kuvutwa tena mbele. Mtu anaweza kununua kasha jipya na feni kumi, akalirudisha kabatini, na hali ikabaki vilevile. Zikishuka ulipotoa kioo cha mbele, mwizi wa hewa ni kioo. Zikishuka ulipotoa cha ubavuni pia, nyuzi nane, kumi au zaidi, umethibitisha kwamba kasha linabana hewa. Ila ikiwa ubavu uko wazi na kadi imeshuka huku prosesa imebaki palepale kwenye 89, usilaumu tena kasha. Shida ya prosesa iko kwenye kipoza chake: vumbi kwenye mapezi, skrubu iliyolegea, au pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) iliyokauka au iliyopakwa vibaya.

Watu wengi huishia kwenye kipimo hicho cha nne, wakaacha ubavu wazi maisha yote na feni ya mezani ikipuliza ndani. Kwa kazi ya dharura, harusi imekwisha jana na bwana arusi anadai video kesho, fanya tu. Kwa kudumu sikushauri. Vumbi huingia bila chujio, mjusi huingia, mende huingia, na mtoto naye ana mikono. Na kasha lililopangwa vizuri hupoza kadi kama lile lililo wazi au karibu nalo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuishi hivyo.

Kabla ya kupanga feni, safisha, na hapa pwani usafishaji una mambo yake. Unyevu hufanya vumbi ligande kwenye mapezi ya kipoza, halitoki kwa kupulizwa tu. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha tumia brashi laini ya rangi kulegeza vumbi kwanza, ndipo upulize kwa blowa. Ishike kila feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, maana kuzungushwa kwa kasi isiyo yake huharibu beringi. Usiende gereji kupuliziwa kwa kompresa ya kujazia magurudumu: hewa yake mara nyingi ina matone ya maji na mafuta. Na kama meza yako iko kwenye dirisha linaloelekea baharini, ihamishe. Chumvi ya upepo wa bahari hula miguu ya shaba na vichwa vya skrubu polepole, na hilo hutaliona kwenye HWiNFO.

Sasa feni zenyewe. Hakikisha kwanza kila moja inapuliza upande unaotakiwa, kwa sababu feni za taa huwafanya watu wazifunge kwa kufuata uzuri. Hewa huingia upande ulio wazi na kutokea upande wenye vile vyuma au plastiki vinavyoshika mota katikati. Baadhi zina mshale pembeni. Kwa hiyo feni ya mbele uso wake mzuri unatakiwa kutazama nje, na ya nyuma uso wake mzuri unatakiwa kutazama ndani. Ukiona feni ya mbele imekugeuzia uso ndani ili taa zionekane kupitia kioo cha ubavuni, basi inatoa hewa badala ya kuingiza, labda kama ni zile zilizotengenezwa maalumu kwa mwelekeo wa kinyume. Usiamini macho, chukua kipande cha tishu. Mbele kinatakiwa kivutwe kwenye chujio, nyuma kipeperushwe nje. Jambo dogo, lakini nimekuta makasha mengi ambayo dawa yake ilikuwa bisibisi na dakika kumi.

Mpangilio wa kwako ninaoupendelea ni huu: zile tatu za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Ya chini kabisa mbele ndiyo inayoilisha kadi, kwa hiyo usiizibe kwa nyaya wala kwa trei ya diski usiyoitumia. Feni zinazoingiza zikizidi kidogo zinazotoa, hewa ya ziada hutafuta kutoka kwenye kila upenyo, na vumbi linakosa njia ya kuingilia isipokuwa kwenye chujio, ambako unaweza kulifuta. Zikizidi zinazotoa, kila ufa wa kasha unageuka kuwa mlango wa vumbi. Ukitaka kuongeza feni juu, iwe moja tu na iwe nyuma, juu ya prosesa, ikitoa. Ile ya juu upande wa mbele huninyima raha: inanyakua hewa safi iliyoingia sasa hivi na kuitoa kabla haijafika kwenye kipoza cha prosesa. Mtu atakuambia kwamba joto hupanda juu lenyewe, kwa hiyo juu lazima kuwe na feni. Ni kweli hupanda, lakini nguvu ya kupanda huko ni ndogo mno ukilinganisha na msukumo wa feni. Ndani ya kasha hewa hufuata feni.

Nyuma, chini ya kadi, kuna vile vibati vyembamba vinavyoziba nafasi za kadi usizonazo. Ondoa viwili vitatu vya chini ya kadi, hewa ya moto inayorundikana pale ipate pa kutokea. Na kama pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) iko chini ikivutia hewa sakafuni, kasha lisikae juu ya zulia wala mkeka.

Tuje kwenye kioo cha mbele, ambacho nadhani ndicho kiini cha kesi yako. Ukikuta vipimo vimekithibitisha, una njia mbili. Ya kwanza ni kubadili kasha, ukachukua lenye uso wa wavu wa matundu mbele. Kasha la namna hiyo lisilo na mapambo, lenye feni mbili, litalishinda kasha la kioo lenye feni tatu za taa, na ndilo ambalo ningemnunulia mtu wangu. Ya pili ni ya bei nafuu: kiache kioo nje kabisa, na mahali pake uweke chujio. Wavu wa mbu wa madirishani, ule wa plastiki au nyuzi za fibaglasi, unafanya kazi nzuri. Ukate kwa vipimo, ushikilie kwa vipande vya sumaku au gundi ya utepe pembezoni, uwe umbali kidogo kutoka kwenye mapanga ya feni. Usitumie ule wa waya wa chuma. Ukikatika, vijiwaya vinavutwa ndani na kutua kwenye mazabodi, na hapo si joto tena litakalokuua mashine. Kila chujio hupunguza hewa kidogo, na lililojaa hupunguza nyingi, kwa hiyo lioshe mara kwa mara, hasa kipindi cha kaskazi ambapo vumbi ni kali.

Angalia pia feni zimechomekwa wapi. Feni nyingi za taa za bei rahisi huunganishwa kwenye kisanduku chao chenyewe kinachopata umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, nazo huzunguka kwa mwendo mmoja, kazi iwepo isiwepo. Zenye plagi ya pini nne zinachomekwa kwenye mazabodi na mwendo wake hupangwa kwenye bayosi, yaani ukurasa wa mipangilio ya mazabodi. Zikiwa ni hizo, zipange zianze kupanda mapema, prosesa ikifika nyuzi 60 hivi, na zipande taratibu. Inasaidia kelele kuliko unavyofikiri. Mvumo unaomsumbua mama watoto huenda hauji na feni za kasha, bali na vile vifeni vidogo vya kadi vinavyohangaika kwenye hewa ya moto. Vikipewa hewa ya baridi, vitapunguza vyenyewe.

Kuna hatua moja isiyohitaji hata bisibisi, na kwa mazingira yetu naipa heshima kubwa. Tumia MSI Afterburner, programu ya bure inayofanya kazi na kadi za kampuni nyingine pia, ushushe kikomo cha umeme wa kadi mpaka asilimia 85. Kwenye RTX 3060 hizo ni karibu wati 25 za joto ambazo hazitazalishwa kabisa, na kasi unayopoteza kwa kawaida ni ndogo kuliko ile unayopoteza sasa kadi inapojizuia yenyewe. Renda kipande chako cha majaribio kabla na baada, ulinganishe dakika.

Pangaboi la chumbani usilitegemee kupoza kompyuta. Linatupoza sisi kwa sababu tunatoka jasho. Hewa yenyewe haishuki hata nyuzi moja. Faida yake ni kuichanganya hewa ya chumba ili ile ya moto isikae nyuma ya kasha. Kumbuka pia kwamba wati 300 zinazotoka kwenye kasha zinabaki chumbani mwako. Ukirenda kwa muda wa saa tatu mlango na dirisha vimefungwa, chumba chenyewe kinapanda joto na kila kipimo kinapanda nacho. Fungua madirisha pande mbili ukiweza, maana chumba chenye dirisha moja hakipitishi upepo vizuri, na kazi nzito zipange zirende usiku. (Wenzetu wa Nairobi wana chumba cha baridi zaidi, ila kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, na feni yao hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Faida yao ipo, lakini si kubwa kama wanavyodhani.)

Lengo lako liwe lipi? Chumba kikiwa nyuzi 32, nitaridhika nikiona prosesa iko chini ya 82 na kadi chini ya 78 baada ya nusu saa ya kurenda, na kasi haishuki. Kama kasha limekaa wazi, kioo kimeondoka, feni zinaelekea sawa, kadi imekaa vizuri lakini prosesa bado inagonga 89, hapo ndipo ufungue kipoza, usafishe pesti ya zamani kwa spiriti isiyo na rangi, upake mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, ufunge skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Kama unatumia kile kipoza kidogo kilichokuja na prosesa ndani ya boksi, kibadilishe kwa cha mnara cha feni moja ya milimita 120. Kwa Ryzen 5 5600 kinatosha kabisa, na kikiharibika feni yake unabadilisha feni peke yake. Kipoza cha maji pampu ikifa, umenunua kitu kizima upya. Pima kwanza urefu unaoruhusiwa na kasha lako.

Imebaki ile skrini nyeusi, ambayo sitaki uichanganye na mengine. Inaweza kuwa joto, na inaweza isiwe. Iache HWiNFO iandike vipimo kwenye faili wakati unarenda, ili skrini ikizima uweze kufungua faili na kuona sekunde za mwisho. Ukikuta kadi ilikuwa 86 na inapanda, huenda marekebisho haya yakaimaliza. Ukikuta ilizima ikiwa kwenye 70 na kila kitu kimetulia, anza kuangalia pawa saplai: wati zake, umri wake, waya wake wa kadi kama umeingia mpaka mwisho, na umeme wa nyumba saa hizo za alasiri kama unashukashuka. Usiendelee na kazi za wateja kwenye diski moja mpaka ujue ni lipi, kwa sababu kuzima kwa ghafla katikati ya kuandika faili kunaweza kukupotezea harusi ya mtu.